Kiranja Aliyefeli kwa Makusudi

Nianze na magoti yake, maana ndiyo yalikuwa yanafika kwanza, mwenyewe anafuata. Uhuru ulipokuja, Isevya nzima, mtaa wetu wa Tabora, tulihamia kwenye suruali. Suruali pana, za kufagia njia, ukipita kuku wanakimbia. Fundi baiskeli wetu akabaki na kaptula. Kaptula ya kaki, imepigwa pasi ya mkaa mpaka ule mkunjo wa mbele ungeweza kukata nyama. Chini ya kaptula magoti mawili makubwa, meusi, yamepakwa mafuta, yanang'aa kama vibuyu vya asali. Mimi nauza asali, kwa hiyo kila kitu nakiona kama kibuyu, mnisamehe. Lakini yale magoti, wallahi, nimewahi kumwona mtu anajitazama humo anachana nywele.

Tulimwita Kiranja. Jina la kwao lilikuwepo, ila nikilitaja hapa hata mkewe atauliza huyo ni nani. Kiranja alisoma shule ya bweni ujanani, enzi za mkoloni, na shule ile haikumtoka. Wengine tunatoka na kovu, wengine tunatoka na watoto, yeye alitoka na ratiba.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati mkabala na kibaraza changu. Asubuhi, kabla hajagusa spana, anazitoa baiskeli za wateja anazipanga mstari, fupi mbele, ndefu nyuma. Paredi. Anapita katikati mikono mgongoni.

"Wewe," anaiambia baiskeli, "mbona matope? Umelala wapi?"

Baiskeli kimya.

"Na wewe spoku zako zinalegea. Umekula?"

Hiyo ni baiskeli. Sasa binadamu je! Siku moja muuza nyama wetu, ambaye pia alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzito, mwenye tumbo lake na cheo chake, alileta tairi lenye pancha. Kiranja hakulitazama tairi. Akasema, "Onyesha kucha."

"Nini?"

"Kucha, Balozi. Shuleni kwetu mtu hahudumiwi na kucha ndefu."

"Kiranja, mimi nachinja ng'ombe. Kucha zangu zitakuwaje?"

"Ng'ombe naye angependa kuchinjwa na mtu msafi."

Basi Balozi, aliyekuwa akikohoa tu nyumba kumi zinatoka nje, akarudi kwake kukata kucha. Alirudi, akaonyesha mikono, mbele na nyuma, ndipo tairi likazibwa. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga asali, na sisimizi waliokuja kuilamba wapo mpaka leo, vitukuu vyao.

Na huyo huyo aliyekuwa mkali wa kucha na foleni, muulize baiskeli yako itakuwa tayari lini. "Alhamisi." Alhamisi hiyo haijawahi kuonekana. Watu wameacha baiskeli kwake wakiwa wachumba wakaja kuchukua wana wajukuu. Kanisani alikuwa anaingia wenzake wanatoka. Mtu anayehubiri kuwahi, mwenyewe hajawahi kuwahi popote. Mkewe, ambaye mtaa wote tulimwita Shangazi, alikuwa anasema, "Huyu hata kuzaliwa nadhani aliitwa mara mbili."

Lakini jioni ndiyo ilikuwa saa yake.

Jua likishuka anavuka njia, anakaa kwenye kibaraza changu, miguu pamoja, mikono juu ya yale magoti, anasema: "Leo nitawapa Jumatano."

Jumatano! Hakusema hadithi gani, alisema siku. Anakupa Jumatano ya shuleni kwao, tangu wanaamka mpaka wanalala. Na sikilizeni, ndani yake hakuna kitu kinachotokea. Hakuna jini, hakuna simba, hakuna mtu anayekufa. Wanaamka. Maji ya kunawa ya baridi. Wanafagia uwanja, na kuna mmoja anafagia kinyumenyume anafuta nyayo zake mwenyewe. Uji unakuja, mmoja anapata donge anaficha asilione mwenzake. Darasani mwalimu anapiga chafya, chaki inaruka. Jioni wanacheza mpira, mpira unapotelea kwenye majani, wanautafuta mpaka giza. Basi. Hiyo ndiyo Jumatano.

"Halafu?" anauliza Balozi, mdomo wazi.

"Halafu tukalala."

"Halafu?"

"Halafu ikawa kesho."

Na watu wanaguna kwa utamu! Walikuwa wanatoka mtaa wa Cheyo kwa miguu kuja kusikia donge la uji. Mimi niliona wivu, sikatai. Mimi ndiye niliyekuwa msimulizi wa mtaa ule. Babu yangu aliwauzia asali wapagazi wa misafara, enzi pembe zinabebwa begani kwenda pwani, na nilikuwa na hadithi zake: simba aliyepanga foleni kununua asali, nyuki waliobeba mzinga na mtu wake mpaka ng'ambo ya mto Ugalla. Hadithi za maana! Watu wakaziacha zote wakakimbilia uji.

Nikajiambia ngoja nimsikilize nijue dawa anayotia. Nikamsikiliza jioni moja, mbili, tatu. Ya nne nikajikuta nimefunga biashara mapema, nimeoga.

Nitawaambia ilikuwaje. Mimi shule sikwenda hata siku moja. Wenzangu walipoandikishwa, baba alinipeleka porini kwenye mizinga. Lakini Kiranja akianza, nilikuwa naikumbuka. Naikumbuka shule ambayo sijaikanyaga! Harufu ya mablanketi yaliyonyeshewa, naijua. Najua ukuta gani jioni unabaki na joto, unaegemea mgongo. Na kitanda changu nilikijua kabisa, kile cha dirishani, ambapo mvua ikija na upepo unapata ukungu usoni.

Jioni moja nikakitaja kwa sauti. Balozi akageuka.

"Kitanda cha dirishani ni changu."

"Chako tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile ya mvua. Wewe uko mlangoni, na unakoroma."

"Balozi, mimi ndiye wa dirishani, muulize Kiranja!"

Tulikunjana mashati. Watu wazima wawili, wenye wake, hatujui hata herufi moja kati yetu, tunapigania kitanda cha shule ambayo hatukusoma, ambayo ilikuwa mbali huko, na kitanda chenyewe huenda kuni zake zilishachemsha maharage. Kiranja alituamua. Alisema, "Kitanda cha dirishani kilikuwa cha wawili, mmoja juu mmoja chini." Nikachukua juu. Balozi kwa tumbo lile angetuvunja.

Ila kulikuwa na jambo moja. Katika siku zake zote, Jumatatu mpaka Jumapili, kengele ilikuwa inalia. Kengele ya kuamka, ya uji, ya darasa, ya kulala. Na kila mara ilikuwa inapigwa na mtu mwingine. Mara mrefu mmoja mwenye masikio, mara mfupi wa kutoka Sikonge. Nikamuuliza.

"Kiranja, si kiranja ndiye anapiga kengele?"

"Ndiye."

"Na wewe si ulikuwa kiranja?"

"Nilikuwa."

"Sasa wewe ulipiga lini?"

Aliinuka. Akavuka njia, akaingia kibandani, akaanza kujaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa. Tukasikia pampu inalia fyuu, fyuu, mpaka tairi likapasuka. Hakuna aliyeuliza tena. Shangazi aliyekuwa anakoka moto akaniambia polepole, "Hajawahi kuipiga, baba. Hata mara moja. Ndiyo kidonda chake hicho, usikiguse."

Ndipo ukaja Ujamaa, na Ujamaa ukaja na kisomo. Ikatangazwa kila mtu mzima asiyejua kusoma aende darasani, babu na bibi, hakuna kisingizio cha macho wala mgongo. Tukaletewa mwalimu, binti mdogo, katoka chuoni juzi, shingo nyembamba kama mkia wa kibuyu. Darasa likawa kwenye banda kuukuu karibu na soko, saa kumi jioni.

Siku ya kwanza tukakwama kwenye salamu. Binti anaingia anaona wazee, anapiga goti: "Shikamooni." Sisi tumeshafundishwa na Kiranja kwamba mwalimu akiingia mnasimama mnaamkia, kwa hiyo tumesimama tunanguruma: "Shikamoo mwalimu!" Sasa nani aitikie marahaba? Yeye anaona haya kuitikia, maana sisi ni sawa na babu zake. Sisi hatukai mpaka tuitikiwe, ndivyo ilivyo shuleni. Tulisimamiana pale mpaka jua likahama. Mwisho Kiranja akanyoosha kidole, akasema kwa upole, "Mwalimu, itikia tu. Humu ndani sisi ni watoto."

Mnaona nimesema Kiranja? Ndiyo. Alikuwepo. Kaketi benchi la mbele, kaptula imenyooka, amekata kucha.

Mtu aliyesoma! Mtu anayesoma gazeti tulilofungia karanga, pande zote mbili! Kaja kujiandikisha kwamba hajui a wala be.

Nikamvuta pembeni. "Kiranja, wewe unatafuta nini huku?"

"Benchi."

"Wewe ungekuwa mwalimu. Serikali inawatafuta watu kama wewe kwa tochi."

"Mwalimu hakai kwenye benchi," akasema. "Nani anamnong'oneza mwalimu? Nani anamkanyaga mguu chini ya meza? Mwalimu anakula peke yake, Bwana Asali. Mimi sitaki."

Na hatari ilikuwa kweli. Vijiji vipya vilikuwa vinaanzishwa, watu wanahamia pamoja, walimu hakuna. Mtu akigundulika amesoma kidogo tu, anapewa chaki na nafasi kwenye lori. Kijiji cha Puge huko walikuwa wanaomba mwalimu kila lori likipita. Aliyetakiwa kuwataja wasomi waliojificha ni balozi wa nyumba kumi, na balozi wetu mnamjua: kitanda cha dirishani, chini. Angemtaja vipi? Jioni angesikiliza nini? Akafunga mdomo. Darasa zima tukafunga. Isevya, mahali ambapo ukipiga chafya chumbani unaitikiwa kutoka Cheyo, tulitunza siri ile kama mzinga wenye malkia.

Kazi ikawa kufeli. Jamani, kufeli ni kazi! Binti wa watu anamshika mkono, "Mzee, tuzungushe hivi, tushuke hivi, hiyo ni a." Kiranja anatoa ulimi pembeni, anatetemesha kalamu, anachora kitu kama kiatu. "Jaribu tena mzee, usikate tamaa." Macho ameyafumba kwa raha. Nilikaa benchi la nyuma yake, niliona masikio yake yanacheka. Mwalimu alikuwa anamhurumia mpaka anamletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kutoka kwake, eti akili ipate nguvu. Tukaila wote.

Mwalimu akataka kengele. Kiranja na Balozi wakaenda wakatafuta kipande cha reli chakavu, wakakibeba begani, wakakitundika kwenye mkwaju nje ya banda. Kiranja alikishusha, akakipandisha, akakipima na pua yake, na bega lake, kutwa nzima. Kilipokaa sawa akaning'iniza na nondo ya kugongea pembeni. Akarudi nyuma akasimama.

Tukageuka wote kumtazama mwalimu. Akasema, "Kengele atapiga kiranja wa darasa. Na kiranja atakuwa yule atakayeshika namba moja kwenye mtihani. Ndivyo nilivyofundishwa."

Mmeona mtego huo? Akifaulu, anapata nondo, lakini anajulikana, anapelekwa Puge, benchi limekwenda. Akifeli, anabaki na benchi, nondo anaitazama kwa macho. Usiku wa kabla ya mtihani hakutupa siku yoyote. Alikaa kibarazani anapapasa magoti.

Asubuhi yake akachora viatu. Ukurasa mzima, jozi kwa jozi.

Na namba moja akashika Shangazi, kutoka benchi la nyuma kabisa.

Mwanamke yule, ambaye kabla ya hapo alitambua mfuko wa chumvi kwa kuulamba, akili zilikuwa zimelala humo zinasubiri kuitwa tu. Akakabidhiwa nondo. Tukapata kiranja mpya, na alikuwa jeuri! Alikuwa anaandika ubaoni majina ya wapiga kelele, mwandiko mkubwa kama milango, na la kwanza kila siku ni la mumewe. Adhabu: kuchota maji. Kiranja anachukua ndoo anakwenda zake bombani anapiga mluzi. Nyumbani nako ikawa hivyo hivyo. Ugali ukichelewa, anauliza, "Mke wangu, chakula?" Anajibiwa, "Nyoosha kidole kwanza."

Lakini saa kumi ikifika, Shangazi akigonga reli, ngoo, ngoo, ngoo, huyu mume alikuwa anaacha kila kitu. Akiwa na spana anaweka chini. Anasimama wima katikati ya njia, mikono ubavuni, mpaka mlio uishe kabisa, mpaka ule mtetemo wa mwisho unaosikiwa na mbwa tu. Halafu anameza mate.

Siku moja nilikuwa karibu. Shangazi alimshika mkono, akamnyooshea nondo.

"Piga wewe leo. Nani ataona?"

"Kengele haipigwi na asiye kiranja."

"Si mji mzima unakuita Kiranja?"

"Unaniita tu," akasema. Akamrudishia nondo, taratibu, kama anarudisha mtoto wa mtu. Shangazi alipiga kengele siku ile vibaya, ikalia upande.

Tuliendelea hivyo mvua na mvua nyingine. Mimi nikajua kusoma, Balozi akajua kuandika jina lake akaanza kuliandika juu ya nyama. Kiranja bado anachora viatu. Kisha Shangazi akamaliza hatua zote, hakuna tena ya kumfundisha. Jumapili moja mwalimu akatuita bandani, akasimama mbele, akasema:

"Kiranja wetu amehitimu. Na mimi nahamishwa mwisho wa mwezi. Nataka kiranja mmoja wa mwisho. Nimeandika habari hapa ubaoni, atakayeisoma yote bila kukwama, kesho Jumatatu atapiga kengele."

Ubao ulikuwa umejaa. Habari ya pamba na mbolea, maneno marefu kama treni ya mizigo. Mimi nilijua ningekwamia behewa la tatu. Hatukumtazama Kiranja. Tulitazama chini, wote, kwa makusudi, kumpa nafasi. Nilimsikia Shangazi tu nyuma yangu, anapumua.

Benchi likalia. Magoti yakasimama.

"M... ma... mku..." alianza, kwa sauti yake ya kufeli. Akakohoa. Halafu akaanza tena.

Jamani! Alisoma kama maji yanatoka bombani. Alisoma pamba akamaliza, akasoma mbolea akamaliza, akageukia tangazo la chama ukutani akalisoma, akasoma maandishi ya gunia aliloketia mama mmoja, mama akainuka ili amalize mstari. Tungekuwa na kuku mwenye chapa angemsoma. Alipokosa cha kusoma akasimama, jasho linamtoka.

Chaki ilianguka mkononi mwa mwalimu.

"Mzee, umejua kusoma tangu lini?"

"Hujazaliwa, mwalimu. Nisamehe."

"Sasa muda wote huu hapa ulikuwa unafanya nini?"

Akafikiri. Nilidhani atadanganya. Akasema, "Nilikuwa shule."

Binti alitutazama sote. Balozi akawa anahesabu nzi darini. "Na nyinyi mlijua?"

Tukasimama, kama tulivyofundishwa. "Ndiyo, mwalimu."

Aliketi kwenye kiti chake akafunika uso na kanga. Mabega yakawa yanatikisika, hatukujua analia au anacheka, na nafikiri hata yeye alikuwa hajaamua. Alipofunua uso akasema, "Ile michembe yangu!" Halafu akapangusa macho. "Mzee, mimi siwezi kuficha hili. Puge wanamsubiri mwalimu. Lazima nilitaje jina lako."

"Najua."

"Ulijua, na bado umesoma?"

"Nimesoma, mwalimu."

"Basi kesho piga kengele."

Kesho yake saa kumi tulikuwa pale mapema wote, tumeoga. Saa kumi ikafika, Kiranja hayupo. Saa kumi na robo. Shangazi kashika kiuno. Balozi anasema ameghairi, mimi nasema hawezi. Tukaona magoti yanakuja. Alikuwa anapiga pasi kaptula, mkaa ukamzimikia, akaanza upya. Siku ya maisha yake, kachelewa!

Shangazi akamkabidhi nondo kwa mikono miwili. Akaipokea. Akasimama mbele ya reli kidogo, akainua mkono, akapiga.

Ngoo.

Akasikiliza. Akapiga tena. Akapiga tena. Sasa kengele ya darasa ni tatu, mnajua. Huyu akapita tatu. Akapita kumi. Akawa anapiga kwa mikono miwili, kaptula inarukaruka, ndege wote wa Tabora wako angani. Na reli ikipigwa bila kukoma, mtaani kwetu maana yake ni moja: moto! Watu wakamwagika. Wanakuja na ndoo, na mitungi, na sufuria za mchuzi, mmoja kaja na mtoto anayeoga akiwa bado ndani ya beseni. Wa Cheyo wakaja wanakimbia, "Wapi? Wapi panaungua?" Wa kwanza hakusubiri jibu, akamwagia banda. Wa pili akamwagia Balozi. Katikati ya maji yale Kiranja anagonga tu, analowana, anagonga, na uso wake, ndugu zangu, mimi hodari wa kuongeza chumvi lakini hapa sina cha kuongeza.

Wiki haikuisha wakaondoka. Lori, baiskeli juu, Shangazi mbele. Jioni nikafungua kibaraza, Balozi akaja akakaa, tukatazamana. Nikajaribu simba wa foleni. Akasema, "Acha tu." Akaenda kulala.

Miaka ikapita, mingi, nikaenda Puge kutafuta asali, maana huku kwetu nyuki walikuwa wamekasirika. Nikauliza nyumba ya mwalimu. Mama mmoja kanijibu, "Yuko darasani, fuata kelele."

Nikachungulia banda. Mbele ubaoni, chaki mkononi, kilemba kichwani, amesimama Shangazi. Anafundisha. Na mwalimu wa serikali yuko wapi? Nikatafuta mstari kwa mstari. Benchi la mwisho, katikati ya babu wawili, anamnong'oneza mmoja, mwingine anamkanyaga mguu. Nywele nyeupe zote, kaptula ile ile, au mtoto wa kaptula ile.

Akaniona, akasogea. Nikakaa. Benchi lilikuwa na joto.

"Wewe si ndiye mwalimu?" nikamnong'oneza.

"Mimi ni mwalimu asubuhi, nasahihisha. Jioni anafundisha yeye. Ananishinda."

"Na kiranja nani?"

Akanionyesha kwa kidevu bibi mmoja mbele, mgongo umepinda, nondo amelaza mapajani kama mjukuu. "Wiki hii yule. Wiki ijayo mwingine. Hapa kila mtu anakuwa, afaulu asifaulu. Na hatangazwi mwisho wa wiki. Anatangazwa Jumatatu, mbele ya kengele, nondo anapewa hapo hapo, anapiga hapo hapo."

"Kwa nini Jumatatu?"

Alipapasa magoti. Na baada ya miaka yote ile ya Jumatano na Alhamisi, akanipa siku ambayo hatukuwahi kupewa kibarazani.

"Mimi walinitangaza Jumamosi jioni," akasema. "Kiranja mkuu, mbele ya shule nzima. Jumapili nikafua kaptula. Jumapili kengele ya shule hailii, inalia ya kanisani tu, na hiyo ina mtu wake. Mchana akaja mjomba. Baba ameanguka, hawezi tena kushika spana, nyumbani hakuna mwingine. Nikafunga sanduku. Kaptula nikaivaa mbichi."

Mbele Shangazi alikuwa anaandika, chaki inalia. Nikatafuta mzaha mfukoni sikuupata, nikauliza tulivyokuwa tunauliza siku zote.

"Halafu?"

"Halafu ikawa kesho."

"Kesho gani, Kiranja? Si uliondoka?"

"Kesho yake. Jumatatu." Akatabasamu, meno machache. "Si mlikuwepo? Mlikuja na ndoo."

Chaki ikanyamaza. Shangazi, hajageuka, mgongo wake umetutazama, akasema, "Huko nyuma naona wawili wanapiga kelele. Mgeni namsamehe. Huyo mwingine, Jumatatu yenyewe hiyo alichelewa. Akachote maji."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Kiranja. Akainuka, akachukua ndoo, akatoka, magoti yametangulia.